Kuzuia ukatili ndani ya huduma za watu wenye ulemavu: baada ya kuwachuja wafanyakazi, nini kifuate?

Mratibu wa Nyumba

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mratibu katika asasi inayowahudumia watu wazima wenye ulemavu. Wapo wanaoishi katika nyumba za pamoja zenye wahudumu wa zamu, wapo wanaofuatwa majumbani kwao asubuhi na jioni ili wasaidiwe kuoga, kuvaa na kumeza dawa, na wapo wanaoshinda kituoni mchana kisha wakarudi kwao. Wengi wana ulemavu wa akili, baadhi hawazungumzi kwa maneno, na wachache wana ulemavu wa viungo pekee.

Uongozi umenikabidhi rasimu ya utaratibu wa kuzuia ukatili na unyanyasaji, nami natakiwa kuikamilisha. Rasimu hiyo ina mambo matatu: kila anayeomba kazi achunguzwe kama amewahi kutiwa hatiani, kila mfanyakazi ahudhurie semina ya siku moja, na kila nyumba iwe na sanduku la maoni. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo, lakini kila nikiisoma naona kwamba walioiandika walikuwa wakimfikiria mhalifu atakayeingia kutoka nje, na hawakumfikiria yule ambaye tayari ameshika funguo. Sanduku la maoni, kwa mfano, limetundikwa kwa kimo cha mtu aliyesimama, linamtaka mlalamikaji ajue kuandika, na ufunguo wake hukaa kwa msimamizi wa zamu, ambaye huenda ndiye anayelalamikiwa.

Naomba maoni ya wanaotumia huduma hizi, wanaozitoa, na wenye ndugu zao humo. Ni nini hasa kinachozuia ukatili usitokee, mbali na kumkamata mtu baada ya madhara? Wasiozungumza tuwafikie vipi? Mhudumu aliyeona jambo lakini anaogopa kusema tumjengee njia gani? Ningependa pia tulijadili suala la kumshika mtu kwa nguvu anapojipiga au anapompiga mwenzake, kwa sababu hutokea katika nyumba zetu na rasimu haikuligusa kabisa.

Mtumia Huduma

Ndugu Mratibu, ahsante kwa kuleta hoja hii, na ahsante zaidi kwa kutuuliza sisi tunaohudumiwa, maana mara nyingi tunaletewa utaratibu ukiwa umeshapigwa muhuri. Natumia kiti cha magurudumu cha umeme na nimesaidiwa na watu tangu ujana wangu, kwa hiyo nitasema kutoka upande wa anayeogeshwa.

Uchunguzi wa rekodi za jinai utawazuia waliowahi kutiwa hatiani, na hao tu. Wengi wanaotutendea ukatili hawajawahi kufikishwa mahakamani, kwa sababu aliyetendewa hakuaminiwa, au hakujua pa kwenda, au alijua lakini akapiga hesabu: nikimshtaki huyu leo, kesho asubuhi nani ataninyanyua kitandani? Hesabu hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Ukatili hustawi pale ambapo mtu mmoja ndiye anayekunyanyua, anayekulisha, anayeshika simu yako, anayesema kwa niaba yako mbele ya daktari, na anayeandika ripoti ya siku yako. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwetu sisi, hata hiyo nguo hukuvalisha yeye.

Rasimu yako ikitaja kupigwa na kubakwa pekee, itapitwa na mengi. Nimewahi kuwa na mhudumu ambaye hakuwahi kuninyanyulia mkono hata mara moja. Tulipokorofishana, alizima kiti changu, akaweka simu yangu juu ya kabati, akaniacha chooni na kwenda kupiga soga. Aliporudi alikuwa ametulia kabisa, akaniuliza kama sasa nimejifunza adabu. Katika daftari la siku hiyo aliandika kwamba hakuna tukio, na kwa mujibu wa fomu yao alikuwa sahihi, kwa kuwa fomu iliuliza tu kuhusu majeraha, kuanguka na dawa zilizosahaulika. Kwa hiyo naomba utaratibu wako utaje waziwazi kuzima au kuondoa kifaa cha kutembelea, kuficha simu au kifaa cha mawasiliano, kuchelewesha choo kwa makusudi, kuogesha kwa namna ya kuumiza au kudhalilisha, kutumia fedha za mtu bila idhini yake, na kumtishia kwamba atarudishwa kwao au atapelekwa kwenye taasisi. Vingi kati ya vitendo hivi havimpati mtu asiye na ulemavu, ndiyo maana waandishi wa taratibu huvisahau.

Ukiniuliza jambo moja litakalobadilisha mambo, nitataja msaidizi wa akiba. Asasi iwe na watu walioandaliwa ambao wanaweza kufika siku hiyohiyo mtu anapomkataa mhudumu wake, bila kudaiwa maelezo kwanza. Asipokuwepo huyo, namba zote za malalamiko mtakazobandika ukutani hazitapigiwa. Jambo la pili ni kwamba anayehudumiwa ashiriki kumchagua anayemwosha, hasa kuhusu jinsia yake, na awe na neno katika kumwondoa. Na la tatu, msiulize maoni yetu huku mhudumu amesimama nyuma ya kiti.

Mwanasheria

Naunga mkono maelezo ya Mtumia Huduma, na ningependa kuyawekea msingi wa kisheria, kwa sababu Mratibu atauhitaji atakapokuwa mbele ya bodi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 2008. Ibara ya 16 inahusu kuwa huru dhidi ya unyonyaji, ukatili na unyanyasaji, ndani na nje ya nyumba. Wengi huinukuu kwa ujumla wake, lakini kwa mtoa huduma kifungu kinachobana zaidi ni kile cha tatu, kinachotaka vituo vyote na programu zote zilizokusudiwa kuwahudumia watu wenye ulemavu zifuatiliwe kikamilifu na mamlaka zilizo huru. Neno "huru" lina uzito wake hapo. Mkaguzi anayeajiriwa na asasi, anayelipwa na asasi na anayetoa taarifa ya kuja kwake kwa asasi, hatimizi sharti hilo hata awe mwadilifu kiasi gani. Ibara ya 12 inasema watu wenye ulemavu ni sawa na wengine mbele ya sheria, na ya 13 inadai wapatiwe marekebisho ya kiutaratibu ili waweze kutoa ushahidi. Kwa lugha ya kawaida, hakuna anayeruhusiwa kufunga jalada kwa kusema kwamba mlalamikaji ana ulemavu wa akili na hivyo hawezi kueleza.

Kuhusu ukubwa wa tatizo, mapitio mawili ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba watoto wenye ulemavu wamo katika hatari ya kutendewa ukatili mara 3.7 zaidi ya wenzao, na watu wazima wenye ulemavu mara 1.5, huku wale wenye magonjwa ya akili wakikaribia mara 4. Takwimu hizo hazihusu vituo peke yake, lakini zinatosha kumjibu mjumbe wa bodi atakayesema kwamba kwetu mambo hayo hayapo.

Kuna mfano mmoja ambao kila mwandishi wa utaratibu wa namna hii anapaswa kuufahamu. Winterbourne View ilikuwa hospitali binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili na usonji karibu na Bristol, Uingereza. Mwaka 2011 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha picha zilizopigwa kwa siri za wahudumu wakiwapiga, wakiwakandamiza sakafuni na kuwadhihaki wagonjwa. Watu 11 walikiri makosa, na mwaka uliofuata 6 kati yao walifungwa jela. Kinachonishughulisha si ukatili wenyewe pekee, ni jinsi ulivyoweza kudumu. Muuguzi mmoja mwandamizi alikuwa amekwishatoa taarifa kwa uongozi na kwa mamlaka ya udhibiti, bila hatua ya maana kuchukuliwa mpaka alipowaendea wanahabari. Wagonjwa walifikishwa hospitali za dharura wakiwa na majeraha, polisi waliarifiwa matukio kadhaa, na kila ofisi ilishughulikia kipande chake bila kukiunganisha na cha mwenzake. Familia nazo zilipotembelea hazikuruhusiwa kufika wodini na vyumbani walikolala ndugu zao. Basi katika utaratibu wako, Mratibu, mgeni aruhusiwe kufika chumbani kwa mwenyeji wake kila mwenyeji anapotaka. Sentensi hiyo ni fupi, nawe utaona jinsi itakavyopingwa.

Australia waliunda Tume ya Kifalme ya kuchunguza ukatili, unyanyasaji, utelekezaji na unyonyaji dhidi ya watu wenye ulemavu mwaka 2019, na ripoti yake ya mwisho ilitolewa Septemba 2023 ikiwa na mapendekezo 222. Watoa huduma waliosajiliwa huko chini ya mpango wa taifa wa bima ya ulemavu wanalazimika kuarifu chombo cha udhibiti kuhusu vifo, majeraha makubwa, ukatili, utelekezaji, makosa ya kingono na matumizi yasiyoidhinishwa ya vizuizi, kama kumshika au kumfungia mtu. Hata kama hakuna chombo kama hicho mahali ulipo, mnaweza kujiwekea sharti kama hilo ninyi wenyewe: mambo fulani yatoke nje ya asasi bila kusubiri idhini ya mkurugenzi. Kupigwa kwa mkazi ni kosa la jinai linalopelekwa polisi, kama ambavyo lingepelekwa iwapo aliyepigwa angekuwa mhasibu wenu. Uchunguzi wa ndani uje baadaye, na usiguse ushahidi.

Mhudumu wa Usiku

Wakubwa zangu mmesema vyema, lakini naomba na upande wa wafanyakazi usikilizwe, maana ukitusoma hapo juu utadhani kila mhudumu ni mshukiwa.

Nafanya zamu za usiku katika nyumba ya watu wanane. Niko peke yangu. Mmoja akiamka na kuanza kupiga kelele, wengine saba huamka pia. Nimewahi kupigwa, kuumwa na kumwagiwa uji wa moto. Sisemi hivyo kuhalalisha lolote. Nasema kwamba mtu aliyechoka, asiyelala, anayelipwa kidogo na aliye peke yake kwa saa kumi na mbili ni hatari hata akiwa na moyo mwema, na asasi inayompanga hivyo imeshiriki katika kitakachotokea. Semina ya siku moja haiwezi kufidia pengo la mfanyakazi wa pili.

Kuhusu hofu ya kusema, hofu hiyo ina sababu. Anayetoa taarifa hupangiwa zamu mbaya, huitwa mchochezi, mkataba wake hauongezwi, na wenzake huacha kumsalimia. Walio chini ya wakala wana hali mbaya zaidi, kwa kuwa wakala huambiwa tu "usimlete tena" na hakuna anayeuliza sababu. Kilichonisaidia mimi ni kuwa na njia mbili tofauti kabisa, moja ikiishia kwa msimamizi na nyingine kwa mtu wa nje ambaye hana mamlaka juu ya ratiba yangu. Vilevile nilipewa majibu. Nilipoeleza jambo dogo, nilirudishiwa taarifa kuwa limeangaliwa na hatua fulani imechukuliwa. Usiporudishiwa neno mara ya kwanza, mara ya pili hutasema.

Tena kuna kitu ambacho wasimamizi wengi hawakifanyi, nacho hakigharimu chochote: kusoma daftari la makabidhiano kwa kufuata mtu badala ya kufuata siku. Kila siku peke yake haina shida. Leo imeandikwa kuwa fulani amegoma kuoga, na siku nyingine tena amegoma kuoga, na mhudumu mwenye zamu anapokea na kuendelea na kazi. Ukizipanga siku hizo pamoja, ukaweka pembeni ratiba ya zamu, unaweza kuona kwamba hagomi kuoga ila anapokuwepo mtu mmoja. Hilo peke yake si ushahidi wa kumtia mtu hatiani, na huenda yule mhudumu anatumia maji baridi tu au ana haraka. Lakini ni sababu ya kutosha kuuliza, na kumbadilisha mhudumu wa bafuni wakati mnauliza.

Msimamizi naye afike usiku bila taarifa. Asije kuvizia, akae, anywe chai na wakazi walio macho, ajue nyumba inanukaje saa nane za usiku. Wasimamizi wa mchana wanaijua nyumba nyingine kabisa.

Dada wa Mkazi

Kaka yangu hazungumzi, kwa hiyo swali la Mratibu kuhusu wasiozungumza linanihusu moja kwa moja.

Kwanza, asiyezungumza ana mawasiliano, tatizo ni nani anayeyajua. Kaka yangu akiumwa tumbo hukunja vidole gumba ndani ya kiganja, akiogopa hujifunika masikio hata pakiwa kimya, na akikataa hutazama mlangoni. Mambo haya tuliyaandika katika kurasa chache pamoja na picha, yakawekwa kwenye jalada lake, na kila mhudumu mpya huyasoma kabla hajaachwa naye. Asipojulikana hivyo, mabadiliko yoyote ya tabia huwekwa kwenye kapu la ulemavu wake. Ameanza kujikojolea tena, ni ulemavu. Amekataa kula, ni ulemavu. Hataki kulala chumbani kwake, ni ulemavu, na aongezewe dozi. Kumbe kwa mtu mwingine yeyote dalili hizo zingemfanya daktari aulize kama kuna mtu anayemuumiza.

Pili, tazameni bodi zenu za picha. Ya kaka yangu ilikuwa na chakula, choo, televisheni, gari na furaha. Haikuwa na sehemu za siri za mwili, haikuwa na "aliniumiza", haikuwa na "simpendi huyu", wala haikuwa na picha za wahudumu wenyewe. Kwa vifaa hivyo, mtu angewezaje kumtaja mtu? Nilipoomba ziongezwe niliambiwa kwamba si maadili kumwekea picha za namna hiyo. Nadhani ni kinyume chake. Mtu mzima asiyefundishwa majina ya sehemu za mwili wake, asiyeambiwa kwamba ana haki ya kukataa kuguswa, na aliyezoeshwa tangu utotoni kumtii kila anayemvua nguo, ameandaliwa kuwa windo.

Tatu, akionyesha jambo, msimhoji kila mmoja kwa zamu. Asikilizwe, yaandikwe maneno au ishara zake kama alivyozitoa, asiulizwe maswali ya kumtilia jibu mdomoni, asiogeshwe wala nguo zisifuliwe iwapo kuna dalili ya ukatili wa kingono, na wahusika wenye utaalamu waitwe mara moja, pamoja na mkalimani au mtu anayeyajua mawasiliano yake ambaye si mhudumu wa nyumba hiyo.

Nne, na hili linaniuma kulisema: msidhani kwamba familia ni salama kila mara. Kuna wanaoumizwa nyumbani na kupata nafuu kituoni. Utaratibu ukisema tu "mjulishe ndugu", katika baadhi ya visa utakuwa umemjulisha mtendaji. Muulizeni mkazi ni nani anayemwamini, na jina hilo liandikwe mapema, kabla ya siku ya shida.

Mratibu wa Nyumba

Nawashukuru sana. Nimeshayapeleka kwa mkurugenzi mambo mawili, msaidizi wa akiba na wageni kufika vyumbani. La kwanza limekubaliwa kwa shingo upande kwa sababu ya gharama. La pili limepingwa kwa hoja ya faragha ya wakazi wengine, na bado tunajadiliana. Daftari la makabidhiano nimeanza kulisoma kwa kufuata mtu kama nilivyoshauriwa, na tayari lina maswali.

Limebaki suala la kushika watu kwa nguvu. Tuna mkazi kijana anayejipiga kichwa ukutani mpaka anatoka damu. Wahudumu wawili humshika mikono na kumlaza chini mpaka atulie. Wanafanya hivyo kwa kumhurumia, nami siwezi kuwaita wakatili. Hata hivyo, nikitazama kwa macho ya mtu wa nje, ninachokiona ni watu wazima wawili wakimkandamiza mtu sakafuni.

Mkufunzi wa Afya ya Akili

Mratibu, unaweza kuamini nia ya wahudumu wako na bado ukauona mtindo huo kuwa wa hatari. Kumlaza mtu kifudifudi na kumkandamiza mgongoni kunaweza kuzuia pumzi, na watu wamekufa hivyo mikononi mwa wahudumu waliodhani anapambana, ilhali alikuwa anatafuta hewa. Hilo lipigwe marufuku leo, bila kusubiri utaratibu ukamilike.

Kanuni za Australia zinavitaja vizuizi vya aina tano: kumtenga mtu peke yake mahali asipoweza kutoka, kutumia dawa ili kudhibiti tabia yake, kumfunga kwa kifaa, kumshika mwili, na kumzuia kufika sehemu au vitu kama kufunga jiko au jokofu. Naitumia orodha hiyo katika mafunzo kwa sababu mbili za mwisho na ile ya dawa hazionekani kuwa vizuizi machoni pa wengi. Nyumba inaweza kujivunia kwamba haimfungi mtu kamba, kumbe mtu huyo anasinzia mchana kutwa kwa vidonge alivyoandikiwa zamani na havijawahi kupitiwa upya.

Kwa kijana wako, nisingeanza na mbinu ya kumshika. Ningeanza na meno, masikio na tumbo. Mtu asiyeweza kusema kwamba jino linamuuma anaweza kupiga kichwa, na jino likishatibiwa hupumzika. Maumivu yakiondolewa katika orodha, rekodini kwa muda kilichotangulia kila tukio: saa ngapi, nani alikuwepo, kelele gani, ameombwa afanye nini, amekatishwa nini. Mara nyingi huonekana kuna jambo analolikimbia au analolitaka, na kazi yenu inakuwa kumpa njia nyingine ya kulikataa au kulipata. Wakati huo mnaweza kuweka godoro ukutani, mto kati ya kichwa na ukuta, na mhudumu mmoja mtulivu badala ya watatu wanaopaaza sauti. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya bure chini ya mpango wake wa QualityRights, yakiwa na sehemu nzima kuhusu kukomesha utengaji na vizuizi, na yanafaa hata nje ya hospitali.

Na kila mara mtu anaposhikwa, liandikwe kama tukio: aliyemshika, dakika alizomshika, kilichojaribiwa kabla. Kisha aulizwe yeye mwenyewe, kwa njia anayoielewa, kilimpataje. Nimeona wahudumu wakifanyiwa kikao cha kuwatuliza baada ya tukio, na aliyeshikwa akirudishwa kitandani bila neno.

Mwanasheria

Niongeze hapo kwamba kibali cha kumzuia mtu kisitoke kwa wale wanaomzuia. Kiwe na muda wa kumalizika, na mtu huyo awe na msaidizi wa kumtetea wakati kinapojadiliwa. Kamati ya ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa ilipotoa miongozo yake ya mwaka 2022 kuhusu kuondokana na taasisi, yaani makazi ambako watu wenye ulemavu hupangiwa maisha yao, haikuzitofautisha taasisi kwa ukubwa wa jengo peke yake; iliangalia pia kama mtu analazimika kugawana wasaidizi, kama anachagua anayeishi naye na kama ratiba ya siku ni yake. Nyumba ya watu wanane yenye mhudumu mmoja usiku inaweza kuingia humo, hata kama ina bustani nzuri. Sisemi muifunge kesho, ila bodi ijue kwamba kadiri inavyobaki na muundo huo ndivyo inavyobaki na hatari hizi.

Mtumia Huduma

Hoja yangu ya mwisho kwa Mratibu, kabla hujaipeleka rasimu. Angalia panapoeleza kitakachofanyika baada ya mtu kulalamika. Katika taratibu nyingi nilizozisoma, mkazi "huhamishiwa mahali salama" na mhudumu hubaki na zamu zake mpaka uchunguzi uishe. Maana yake ni kwamba aliyeumizwa hupoteza kitanda chake, majirani zake na utaratibu wake wa kila siku, na wakazi wengine wote huona malipo ya kusema. Andika kwamba anayehama ni mhudumu, kwa mshahara wake kamili na bila kumhukumu, na kwamba mkazi atahama tu akiomba mwenyewe.